Nani Aliruhusiwa Kuumia? Small Heath na Historia ya Kiwewe cha Vita

Walio wengi wameijua Small Heath kupitia televisheni. Kuanzia 2013 hadi 2022, tamthilia ya Peaky Blinders, iliyobuniwa na Steven Knight, mwenyeji wa Birmingham, iliwapeleka watazamaji kwenye mtaa huo wa mashariki ya jiji, mtaa wa moshi, farasi na wahuni wenye kofia. Kinara wa genge, Thomas Shelby, amerudi kutoka vitani Ufaransa, ambako kazi yake ilikuwa kuchimba njia chini ya mahandaki ya adui. Usiku husikia sululu zikigonga nyuma ya ukuta wa chumba chake, na huvuta kasumba ili alale. Shelby ni mtu wa kubuniwa. Genge lenyewe lilitamba zaidi miaka ya 1890, na vita vilipoanza 1914 lilikuwa limeshafifia. Lakini wanaume waliorudi na vita vichwani mwao walikuwapo kweli, na walikuwa wengi.

Leo madaktari huiita hali hiyo PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya kiwewe. Tukio limepita, ila mwili haujapata habari. Mtu hulirudia kwa jinamizi na kwa picha zinazomvamia mchana, hukwepa kila kinachomkumbusha, hukaa macho akingoja hatari, na moyo wake hufa ganzi hata kwa awapendao. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Historia ya ugonjwa huu mara nyingi husimuliwa kama mwendo wa elimu kutoka gizani kwenda kwenye nuru. Ukiisoma ukiwa Small Heath, hadithi inabadilika. Dalili zilijulikana mapema, na waliozieleza walizieleza vizuri. Ugomvi uliochukua zaidi ya miaka mia ulihusu jambo jingine: nani akubaliwe kuwa mgonjwa, na nani aambiwe kuwa ni mwoga, mvivu, mwongo, au hana akili ya kutosha kuugua. Mtaa huu umeupitia ugomvi huo kwa zamu tatu. Ulitengeneza bunduki, ukapigwa mabomu, kisha ukawapokea watu waliokimbia bunduki za wengine.

1861–1914: Mtaa wa bunduki

Mwaka 1861 mafundi bunduki wa Birmingham waliungana wakaunda kampuni ya Birmingham Small Arms, iliyokuja kujulikana kwa herufi zake tatu, BSA. Kilichowasukuma ni hofu ya kukosa riziki. Serikali ilikuwa imeanza kutengeneza bunduki kwa mashine katika kiwanda chake cha Enfield, na fundi wa mkono, aliyezoea kuchonga kipande kimoja kimoja katika karakana ndogo za katikati ya mji, hakuweza tena kushindana. Wakanunua ardhi Small Heath, karibu na reli na mfereji, wakajenga kiwanda kikubwa. Barabara iliyokipita ikaitwa Armoury Road. Stesheni ya treni ilifunguliwa 1863, na nyumba za matofali za wafanyakazi zikajipanga safu kwa safu. Mtaa ukawa na timu ya mpira iliyobeba jina lake, Small Heath, kabla ya klabu hiyo kuchukua jina la Birmingham mwaka 1905.

Wakati wa amani kiwanda kilitengeneza baiskeli na pikipiki. Vita vya 1914 vilikirudisha kwenye kazi yake ya awali. Kufikia mwisho wa vita BSA ilikuwa imetoa takriban bunduki milioni moja na nusu za Lee-Enfield na zaidi ya bunduki za rashasha 145,000 za aina ya Lewis. Kasi hiyo ya viwanda, huko Birmingham na vilevile huko Essen upande wa Wajerumani, ndiyo iliyoibadili vita yenyewe. Askari wa zamani alipigana siku moja kisha akatembea wiki nzima. Askari wa 1915 alijibanza ndani ya shimo miezi na miezi huku mizinga ikinyesha juu yake, hana pa kukimbilia wala wa kupigana naye. Hali hiyo ya kungoja kifo bila kuweza kufanya lolote ndiyo iliyowavunja wengi.

1915–1922: Ofisa huchoka, askari huigiza

Februari 1915, daktari na mwanasaikolojia Charles Myers alichapisha katika jarida la Lancet habari za askari watatu waliopoteza kumbukumbu, uwezo wa kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu yao. Aliiita hali yao shell shock, mshtuko wa makombora. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mshindo wa mlipuko ulikuwa umeutikisa ubongo. Dhana hiyo haikudumu, kwa sababu hospitalini walianza kufika wanaume wenye dalili zilezile ambao hawakuwahi kukaribia kombora lolote. Miguu ilitetemeka, ndimi zilifungwa, macho hayakufumba usiku.

Hapo jeshi likaingiwa na wasiwasi. Kama mtu anaweza kuugua bila kuguswa, nani atabaki mstarini? Vita vya Somme mwaka 1916 viliongeza wagonjwa kwa maelfu, na mwaka 1917 wakubwa waliwakataza madaktari kuliandika jina hilo. Aliyeletwa akitetemeka aliandikiwa kwamba ugonjwa wake wa neva haujatambuliwa bado. Tabaka nalo likaingia kwenye fomu. Ofisa aliambiwa kuwa neva zake zimechoka, na askari wa kawaida akaambiwa ana histeria, ugonjwa ambao hadi wakati huo ulihesabiwa kuwa wa wanawake.

Tiba zikafuata mgawanyo huohuo. Katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliketi na maofisa akawasikiliza, akiwashauri wayakabili wanayoyakumbuka badala ya kuyasukuma pembeni. Washairi Siegfried Sassoon na Wilfred Owen walikuwa huko mwaka 1917. Katika hospitali ya Queen Square, London, Lewis Yealland aliwapitishia umeme kooni askari waliopoteza sauti hadi waliposema. Birmingham nayo ilihamisha wagonjwa wa akili kutoka Rubery Hill na Hollymoor, hospitali mbili za kusini mwa jiji, ili majengo hayo yapokee majeruhi wa vita.

Vita vilipokwisha, jeshi la Uingereza lilikuwa limehesabu takriban wagonjwa 80,000 wa aina hiyo. Wengine hawakufikishwa kwa daktari. Askari 306 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama kutoroka na woga, na baadhi yao walikuwa na dalili ambazo daktari wa leo asingezikosa. Bunge liliwasamehe mwaka 2006, miaka 90 baada ya Somme.

Waliobaki hai walikwenda kwenye bodi za pensheni, na huko swali la kiganga likageuka kuwa la hazina: je, vita ndivyo vilivyomvunja mtu huyu, au alikuja jeshini akiwa tayari dhaifu? Tume ya Lord Southborough, iliyotoa ripoti yake 1922, ilitaka jina la shell shock liachwe na ikasisitiza kwamba mafunzo mazuri na ari ya kikosi ndiyo kinga. Maana yake ilieleweka bila kuandikwa: kikosi chema hakivunjiki, na anayevunjika ana kasoro yake mwenyewe.

Afrika Mashariki ilikuwa na vita hivyohivyo. Kutoka Taveta hadi Mto Rufiji na kuvuka Ruvuma, Waingereza waliwatumia wapagazi takriban milioni moja kubeba chakula na risasi. Rekodi za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikaribia 100,000, wengi wakiuawa na njaa, malaria na kuhara. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao. Hakuna bodi iliyoketi kuwauliza waliorudi kama wanalala usiku. Nairobi ilikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyoitwa Mathari kuanzia 1924, lakini mpagazi aliyerudi kijijini akiwa mkimya au mkali alihesabiwa kuwa shauri la ukoo wake.

1939–1945: Usiku wa Armoury Road

Kabla ya vita vya pili serikali ya Uingereza ilijitayarisha kwa mambo mawili yaliyopingana. Mwaka 1938 jopo la madaktari wa akili lilitabiri kwamba mabomu yangeleta wagonjwa wa hofu kati ya milioni tatu na nne ndani ya miezi sita. Wakati huohuo, mkutano ulioongozwa na Lord Horder Julai 1939 ulikubaliana kwamba wakati wa vita pensheni zisitolewe kwa magonjwa ya neva, ili fedha zisiwe kishawishi cha kuugua. Sheria ya dharura ya mwaka huo kuhusu raia walioumizwa na vita ililitafsiri jeraha la vita kuwa jeraha la mwili.

Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga kiwanda cha BSA. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wamejikinga ndani ya jengo, nalo likawaangukia na kushika moto. Walikufa 53, wakajeruhiwa 89. Mafundi umeme wawili, Alf Stevens na Alf Goodwin, waliingia kwenye vifusi kuwatoa wenzao. Stevens alipewa George Medal, na Goodwin British Empire Medal. Utengenezaji wa bunduki ulivurugika kwa miezi, na kuanzia hapo kazi ya BSA ikatawanywa katika viwanda zaidi ya 60 ili bomu moja lisiweze tena kuisimamisha. Katika vita vyote mabomu yaliua watu takriban 2,240 Birmingham.

Yale mamilioni ya wagonjwa waliotabiriwa hayakutokea. Watu walilala kwenye mahandaki, wakaamka, wakaenda kazini, na serikali ikalichukua hilo kuwa ushahidi kwamba raia hawavunjiki. Mwaka 1942 wanasayansi Solly Zuckerman na J. D. Bernal walikamilisha uchunguzi kuhusu athari za mabomu katika miji miwili, Birmingham na Hull, wakahitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa hofu ya umma kwa jumla. Lord Cherwell, mshauri wa Churchill, hakungoja hitimisho hilo. Machi mwaka huo alimwandikia Waziri Mkuu kwamba uchunguzi wa miji hiyo unaonyesha kuwa kubomolewa nyumba huwavunja watu moyo kuliko hata kufiwa, na kwa hiyo nyumba za wafanyakazi wa Ujerumani zishambuliwe. Kwa hesabu za nyumbani, mtu wa Birmingham alionekana imara. Kwa hesabu za kumpiga adui, mtu huyohuyo akawa kielelezo cha udhaifu wa binadamu. Hakuna kati ya hesabu hizo mbili iliyoandikwa kwa ajili ya kumtibu.

Tiba ilipatikana upande wa pili wa jiji. Mwaka 1942 hospitali ya Hollymoor iligeuzwa kuwa Hospitali ya Kijeshi ya Northfield, ya askari waliovunjika akili. Huko alifika Wilfred Bion, daktari aliyekuwa kamanda wa kifaru katika vita vya kwanza. Pamoja na John Rickman aliwaambia wagonjwa kwamba adui wao wa sasa ni ugonjwa wenyewe, na kwamba watapigana naye kwa pamoja. Kila mmoja alijiunga na kikundi cha kazi au cha mazungumzo, na kila siku wote walikutana kutazama mambo yanavyokwenda wodini. Wakubwa wa jeshi hawakupenda vurugu hiyo, na jaribio lilisimamishwa baada ya wiki sita hivi. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa. S. H. Foulkes, Harold Bridger na Tom Main walilirudia kwa mpangilio zaidi hadi mwisho wa vita. Tiba ya vikundi, ambayo leo watu wa nchi nyingi huketi kwa duara kuifuata, ilipata sehemu kubwa ya umbo lake katika wodi zile za Birmingham.

Hata hivyo, lengo la Northfield lilikuwa kumrudisha askari kazini. Mfanyakazi wa BSA aliyenusurika Armoury Road hakuwa mgonjwa wake.

1946–1974: Miaka ya kimya

Baada ya vita Small Heath ilibadilika watu. Waayalandi walikuja kwa kazi za ujenzi na viwanda, wakafuatwa na watu wa Karibi, kisha Wapakistani, wengi wao kutoka Mirpur, ambako ujenzi wa Bwawa la Mangla miaka ya 1960 ulizamisha vijiji na kuhamisha watu kwa maelfu. BSA yenyewe ilishindwa kushindana na pikipiki za Japani, ikaanguka mwaka 1973.

Katika tiba, mambo yalirudi nyuma. Kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani cha 1952 kilikuwa na ingizo kuhusu msongo mkubwa baada ya vita au maafa. Toleo la 1968, lililotoka Wamarekani wakiwa katikati ya vita vya Vietnam, liliondoa ingizo hilo.

Kwa Mwafrika mlango ulifungwa kwa kufuli jingine. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari kuanzia 1938 bila kuwa amebobea katika magonjwa ya akili, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alidai kwamba Mwafrika ni nadra kushikwa na huzuni ya ugonjwa, na akaufananisha ubongo wake na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya Carothers kuhusu Mau Mau, akieleza uasi ule kama tatizo la kisaikolojia la watu waliopotewa na mila. Hivyo mtu aliyepigwa katika kambi za kizuizi za wakoloni hakuweza kuwa na kiwewe, ila hasira yake iliweza kuwa ugonjwa. Fikra hizo zilinukuliwa kwa miaka mingi. Juni 2013, serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 kwa mateso ya wakati ule, waliohusika walikuwa wazee, na wenzao wengi walikuwa makaburini.

Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili za katikati ya Birmingham, yakaua watu 21 na kujeruhi 182. Lawama iliwaangukia wapiganaji wa Kiayalandi, na jiji likalipuka kwa hasira dhidi ya Waayalandi wote, ambao wengi wao waliishi mitaa ya kusini na mashariki, Small Heath ikiwa mojawapo. Wanaume sita walifungwa maisha mwaka 1975 kwa kosa ambalo hawakulifanya, wakaachiwa Machi 1991. Walionusurika kwenye baa walishonwa vidonda wakarudishwa nyumbani. Mtu aliyeshindwa tena kuingia mahali penye watu wengi hakuwa na jina la kumwambia mwajiri wake.

1970–1991: Mlango unafunguliwa, kisha kupimwa upana

Waliousukuma mlango walikuwa askari wenyewe. Kuanzia 1970, huko New York, wanajeshi waliotoka Vietnam na kuipinga vita hiyo walikutana kuzungumza mambo yao, wakawaalika madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan waje kuketi nao. Mwaka 1972 Shatan aliandika gazetini kuhusu hali aliyoiona kwa wanaume hao: hatia, hasira, ganzi, na usiku usio na usingizi, mara nyingi miezi mingi baada ya kurudi. Wakaungana na watafiti waliowashughulikia walionusurika kambi za Wanazi, majanga ya moto na ubakaji, wakadai nafasi kitabuni. Mwaka 1980 toleo la tatu la kitabu cha Wamarekani liliingiza PTSD.

Kilichobadilika ni mahali pa chanzo. Tangu bodi za pensheni, uchunguzi ulianza kwa kutafuta kasoro ndani ya mtu. Sasa ulianza kwa kuuliza nini kilimpata. Tafiti za baadaye zilieleza jinsi inavyotokea. Wakati wa hatari kubwa, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hofu hufanya kazi kwa nguvu, na ile inayoyapanga mambo kwa wakati na mahali huzidiwa. Kumbukumbu hubaki vipande, harufu, sauti, maumivu, bila alama ya kwamba yamekwisha. Kila mtu akikwepa vinavyomkumbusha, vipande hivyo hukosa nafasi ya kuunganishwa. Wala si kila aliyepatwa huugua: kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu watu 70 kati ya 100 hukumbwa na tukio zito maishani, na takriban 6 kati ya kila 100 waliokumbwa ndio hupata PTSD. Vita na ukatili wa kingono huongeza hatari hiyo sana.

Uingereza ililipokea wazo hilo katikati ya mfululizo wa maafa. Tarehe 11 Mei 1985 moto ulichoma jukwaa la uwanja wa Bradford ukaua watu 56. Siku hiyohiyo, St Andrew's, uwanja ulio jirani kabisa na Small Heath, mashabiki walipigana na ukuta ukaanguka, ukamuua kijana wa miaka 15. Ikafuata meli iliyopinduka Zeebrugge 1987, kisha maafa ya mashabiki katika uwanja wa mpira wa Hillsborough 1989. Ndugu wa waliokufa Hillsborough walipokwenda mahakamani kudai fidia ya kuumia akili, majaji wa juu mwaka 1991 waliweka masharti: uwe na upendo wa karibu na marehemu, uwe karibu na tukio kwa wakati na mahali, na uone au usikie mwenyewe. Waliolitazama janga hilo kwenye televisheni, watoto wao wakiwa uwanjani, walishindwa kesi. Sayansi ilikuwa imekubali kwamba akili huumizwa, na sheria ikabaki kuamua ya nani.

1988–2008: Kutoka Hargeisa hadi Coventry Road, kwa njia ya Nakivale

Mwaka 1988 majeshi ya Siad Barre, mtawala wa Somalia, yaliupiga mabomu mji wa Hargeisa. Mwaka 1991 serikali yake ikaanguka, na Somalia ikasambaratika. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa Kenya, na wengine walifika Uganda, Uholanzi, Denmark na Sweden. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, familia nyingi za Kisomali zilizokwisha kupata uraia wa nchi za Ulaya zilihamia Uingereza, hasa Leicester na Birmingham, zikitafuta misikiti, ndugu na biashara. Coventry Road, barabara kuu ya Small Heath, ikajaa maduka na migahawa yao kando ya ile ya Wapakistani. Baadhi ya Wasomali hao walikaa Kenya miaka mingi, na Kiswahili wanakizungumza.

Walikuja na mengi ambayo hayakuandikwa kwenye pasipoti. Katika jamii zetu tiba ya hali hizo huanza kwa kisomo na dua, na kumtaja daktari wa akili ni kumtia mtu katika kundi la wenye wazimu. Majirani wao Wapakistani walipata msiba wao Oktoba 2005, tetemeko lilipoua zaidi ya watu 70,000 katika nchi ya ndugu zao.

Wakati huohuo, dawa ya kiwewe cha aina hiyo ilikuwa ikijaribiwa karibu na nyumbani, Afrika Mashariki. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya masimulizi. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni kuwa njia ya maisha yake, huweka maua penye furaha na mawe penye msiba, kisha husimulia yote kwa mfuatano hadi mawe yapate tarehe na mahali pake. Waliijaribu kwanza kwa wakimbizi wa Sudan huko Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakatoa matokeo 2004. Kisha, katika makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, waliwafunza wakimbizi wenyewe, Wanyarwanda na Wasomali wasio madaktari, wawatibu wenzao. Matokeo ya 2008 yalionyesha kwamba karibu 70 kati ya kila 100 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya 37 kati ya waliofuatiliwa tu. Mwaka 2018 mwongozo wa taifa wa tiba wa Uingereza uliitaja miongoni mwa tiba zinazopendekezwa. Mbinu anayoweza kupewa Msomali wa Birmingham leo imethibitishwa pia kwa Wasomali waliokimbilia Uganda, na Carothers amejibiwa kwa vitendo.

Tangu 2001: Jiji moja, milango miwili

Tangu 2001 wanajeshi wa Uingereza waliojeruhiwa Iraki na Afghanistan walipelekwa Birmingham, kwanza hospitali ya Selly Oak, na kuanzia 2010 Queen Elizabeth. Utafiti wa King's College London uliochapishwa 2018 ulikuta PTSD kwa takriban asilimia 6 ya waliokuwa jeshini wakati wa vita hivyo, na asilimia 17 kwa waliokwisha kustaafu baada ya kupigana mstari wa mbele. Wanajeshi wana mashirika yanayowatetea, likiwemo Combat Stress, lililoanzishwa 1919.

Katika jiji hilohilo, Freedom from Torture, shirika lililotokana na kazi ya Helen Bamber ya mwaka 1985, huwatibu walioteswa na kuandika ripoti za kidaktari kwa ajili ya maombi yao ya hifadhi. Ripoti hizo husomwa na maofisa na majaji wanaotafuta kama mwombaji anasema kweli. Tatizo ni kwamba ugonjwa wenyewe huvuruga ushahidi. Utafiti wa Jane Herlihy na wenzake, uliochapishwa 2002, uliwahoji mara mbili wakimbizi wa Kosovo na Bosnia waliokuwa Uingereza, ambao hawakuwa na sababu ya kudanganya, na ukakuta maelezo yao yakitofautiana, hasa katika mambo ya pembeni. Kwa wenye dalili kali za PTSD, kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu, ndivyo tofauti zilivyozidi. Kinachochukuliwa na ofisa kuwa dalili ya uongo, daktari hukiona kuwa dalili ya ugonjwa.

Bodi ya pensheni ya 1920, mkutano wa Horder, majaji wa 1991 na ofisa wa hifadhi wa leo wamefanya kazi moja: kumtenga anayestahili na asiyestahili, kwa kutumia lugha ya tiba. Sayansi peke yake haijawahi kuufungua mlango huo. Ulifunguliwa kila mara na waliokuwa nje, kama askari wa Vietnam waliowaita madaktari kwenye vikao vyao na wazee wa Kenya walioishtaki serikali. Nakivale iliongeza somo la pili, kwamba mkimbizi anaweza kuwa mgonjwa, na akafunzwa, akawa mganga wa mwenzake. Coventry Road ina watu wa kutosha wenye lugha, uzoefu na heshima ya kufanya kazi hiyo. Kilichobaki ni kuwakalisha mezani zinapoandikwa fomu, kabla ya mtu mwingine kuulizwa athibitishe usiku wake.